Chai ya Maziwa Ndani ya Difu

Fundi alijilaza chali juu ya gunia, akasogea chini ya Land Cruiser mpaka tukabaki tunaona miguu yake tu. Tulikuwa Minjila, karibu na Garsen, kwenye njia panda ya Malindi, Lamu na Garissa. Alianza na nati ya juu ya difu, ile ya kujazia oili. Mafundi wa huku hawafungui ya chini kabla ya ya juu, kwani ukishamwaga oili halafu nati ya juu ikagoma, utabaki na difu tupu na gari lisilokwenda popote. Ya juu ikakubali. Ndipo akalegeza ya chini, na kilichochuruzika kwenye karai kilikuwa na rangi ya chai iliyokolea maziwa.

"Ulivuka maji wapi?" akauliza kutoka huko chini.

"Tula," dereva akajibu. "Lakini ni zamani, mzee. Wiki tatu sasa. Na halikuzima hata mara moja."

"Halikuzima kwa sababu maji hayakufika puani, mwanangu. Yaliingia miguuni."

Akatoa mkono, akasugua matone mawili kati ya kidole gumba na cha shahada, akanipa na mimi nisugue. Ndani ya ule ute kulikuwa na chengachenga ndogo zinazokwaruza. Nyingine zilikuwa mchanga. Nyingine, alisema, zilikuwa difu yenyewe.

Sura hii ni ya hizo wiki tatu. Mtu akisimulia safari ya porini husimulia siku ya kukwama: tope lilivyofika kwenye milango, kamba ilivyokatika, trekta lilivyochelewa. Ni hadithi tamu na picha zake zimejaa kwenye simu. Lakini katika safari zangu za bonde la Tana nimeona magari yakitolewa topeni yakiwa mazima, yakashangiliwa, yakaoshwa, kisha mwezi uliofuata yakafa kwenye lami kavu ya Malindi, mchana kweupe, dereva akiapa kwamba hakuna alichogonga. Kweli hakugonga. Alivuka maji, akaenda zake, wala hakufungua nati.

Ili kuelewa maji hayo yanaingiaje, fikiria ekseli ya nyuma ya gari lililokimbia saa mbili kutoka Garissa. Meno ya difu yanasagana ndani ya oili, beringi zinazunguka, kila kitu kimechemka, na hewa iliyofungiwa mle ndani imepanuka. Ili hewa hiyo isipasue sili, watengenezaji huweka juu ya ekseli bomba dogo la kupumulia. Gari likifika kwenye laga, yaani mto wa msimu, dereva haoni sababu ya kungoja, anaingia. Chuma cha moto kinatumbukia kwenye maji baridi. Hewa ya ndani inasinyaa ghafla, na inaposinyaa inavuta. Ikiwa bomba la kupumulia limezama, litanyonya maji. Ikiwa limezibwa na tope la safari iliyopita, ekseli itavuta kupitia kwenye sili za mpira, na sili hizo ziliundwa kuzuia oili isitoke, hazikuundwa kuzuia maji yasiingie. Dereva huko juu hahisi lolote. Injini inanguruma vizuri, abiria wanapiga makofi, na chini yake difu inakunywa.

Na maji ya Tana si maji matupu. Mto huu unaanzia Aberdare na Mlima Kenya, unapita mashamba ya nyanda za juu, kisha unakwenda mamia ya kilomita kwenye nchi kame kabla ya kufika Garsen na kuingia baharini Kipini. Huku chini ni mwekundu kama tofali. Wekundu huo ni udongo laini kuliko unga, nao ukichanganyika na oili au grisi unafanya kazi ya msasa. Husaga meno ya difu taratibu, husaga beringi za magurudumu, husaga pini za breki. Maji peke yake yangeleta kutu. Yakiwa na udongo huo, kutu na msasa hupokezana usiku na mchana: kutu gari likiwa limeegeshwa, msasa likiwa barabarani.

Mgeni huchanganywa na jambo moja zaidi: mafuriko ya Garsen mara nyingi huja chini ya jua kali. Mvua imenyesha Nyeri, Murang'a au Meru, mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yamejaa, Masinga limeanza kumwaga, na siku kadhaa baadaye maji yanapanda Hola, kisha Garsen, juu mbingu ikiwa safi. Mpokomo aliyezaliwa ukingoni hulijua hilo tangu utotoni. Dereva aliyetoka Mombasa asubuhi anatazama juu, haoni wingu, anaamini njia itakuwa kavu.

Laga nazo zina tabia yao. Hutoka upande wa Ukambani na kukata barabara ya Garissa–Hola–Garsen kabla ya kuungana na Tana. Kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, mbuzi wanalala humo. Zikishuka, hushuka kwa saa chache tu, zikiwa na magogo ndani. Aprili 2024 basi lilisombwa na maji eneo la Tula, na abiria 51 wakaokolewa wote. Baada ya picha zile kusambaa nilitarajia madereva wangeogopa laga kwa mwaka mzima. Wengi waliogopa kwa wiki.

Maji yakifika puani, yaani kwenye bomba linalovutia hewa ya injini, mambo ni mengine kabisa. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda na kukuta maji juu yake haina pa kuyapeleka, na kinachopinda ni fimbo inayoibeba, konrodi kama mafundi wanavyoiita. Injini ya dizeli huumia zaidi kwa sababu nafasi iliyo juu ya pistoni ni ndogo mno. Hapo injini huzima kwa mshtuko mmoja. Kosa linalofuata ndilo linaloua: dereva anapiga starta. Anapiga tena. Maji yangali ndani, na konrodi iliyokuwa imepona mara ya kwanza inapinda mara ya pili. Ukizimikiwa majini, usiguse ufunguo. Gari livutwe, nozeli zifunguliwe, injini izungushwe maji yote yaruke nje, ndipo ujaribu kuwasha. Nimelisema jambo hili kwenye vibaraza vya chai vya Garsen mara nyingi, na kila mara yupo mtu anayenyamaza akitazama chini.

Feni pia huvunja magari, ingawa wachache huishuku. Ikizunguka kwa nguvu ndani ya maji, mapanga yake hujipinda kuelekea mbele na kukwangua rejeta. Gari linavuka salama, linafika ng'ambo, halafu linachemka likiwa limesimama. Ndiyo sababu madereva wazoefu hufunga turubai mbele ya gari kabla ya kuingia, na wakishaingia hawaongezi mwendo wala hawapunguzi. Wanakwenda kama mtu anayebeba ndoo kichwani.

Ukitoka kwenye maji unakutana na udongo mweusi. Wakenya wengi huuita udongo wa pamba, na Tanzania wakulima huujua kama udongo wa mbuga. Kiangazi hupasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Mvua ikinyesha, udongo huo hunywa maji, ukavimba, nyufa zikajifunga, na juu kukabaki utelezi usioshika kitu. Tairi lolote, hata lile jipya lenye meno makubwa, huviringika mara chache likavaa tope na kuwa duara laini. Kuanzia hapo dereva ana magurudumu manne ya sabuni.

Humu ndimo klachi zinamofia. Dereva anakanyaga mafuta, anaiachia klachi nusu, anarudisha nyuma, anasukuma mbele, anarudisha tena. Harufu ya kuungua inapanda, naye anaitambua, lakini watu ishirini wanasukuma na hataki kuwavunja moyo. Gari linatoka. Siku kumi baadaye, akipanda mlima wowote mdogo, injini inapiga kelele na gari halisogei.

Wanaosaidia nao huvunja, kwa nia njema kabisa. Kijana anainama mbele ya gari gizani, anatafuta chuma cha kufungia kamba, mkono unakuta tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele. Ni nyembamba, inashikika vizuri, kamba inapita kwa urahisi. Trekta linavuta kwa mshtuko. Gari likitoka, magurudumu ya mbele yanatazamana kama macho ya mwenye makengeza, au yanaachana, na dereva anadhani ni tope. Nilikuwa kwenye gari moja la namna hiyo kati ya Ngao na Tarasaa. Tulisafiri nalo hadi Malindi usiku ule, na asubuhi matairi mawili ya mbele yalikuwa yamelika upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana. Matairi hayo yalikuwa mapya. Mwenye gari alikuwa mfanyabiashara wa samaki aliyeyanunua kwa mkopo, na nilipomwona akiyashika kwa vidole sikujua nimwambie nini.

Watu huniuliza kwa nini madereva wasisimame tu, watazame chini ya gari, wakaze kilicholegea. Swali zuri kwa mtu wa Nakuru. Katika njia hizi kusimama kumekuwa na gharama yake kwa miaka mingi. Miaka ya 1990 mabasi ya Malindi, Garsen na Lamu yalikwenda kwa msafara wa polisi kwa sababu ya majambazi, na baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 misafara ikarudi. Kwenye msafara mwendo ni wa gari la mbele. Ukisikia mlio chini ya miguu yako huwezi kuwaambia wenzako arobaini wangoje uangalie bushi. Hivyo kizazi kizima cha madereva kimezoea kusikiliza kitu kikivunjika na kuendelea kwenda. Lami ya Garsen–Witu–Lamu, iliyoanza kujengwa 2017, imepunguza shida kubwa upande ule, ingawa mto haujaikubali: pale Lango la Simba mafuriko yamerudi kuikata. Tabia ya kutosimama, kwa vyovyote, haikuondoka na vumbi.

Kiangazi tope hugeuka chuma. Mitaro iliyochimbwa na malori wakati wa mvua inakauka ikiwa na kingo ngumu, na gari dogo likiteleza ndani yake hutambaa kwa tumbo. Sampo, karai la oili ya injini, inapasuka hapo. Kwenye vipande vya kokoto na mchanga barabara hufanya mawimbi madogo kama bati la mgongo, na mawimbi hayo yameletwa na magurudumu yenyewe, kwa kuruka kidogo kila yanapokutana na kibonge na kutua palepale ambapo gurudumu lililotangulia lilitua. Mtikisiko wake haukomi. Hulegeza boluti ambazo hakuna aliyezigusa tangu gari lilipotoka kiwandani, hupasua kibebeo cha betri, huchemsha mafuta ndani ya shokabsoba mpaka yavuje. Halafu jani la springi linavunjika. Huvunjika moja, yaliyobaki yakabeba mzigo, na kwa kuwa gari bado limesimama sawa hakuna anayejua mpaka siku jani la pili linapofuata.

Juu ya hayo kuna mathenge. Mti huu uliletwa Kenya mwaka 1973, ukapandwa kwanza kwenye machimbo karibu na Mombasa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukafika Bura kwenye mradi wa umwagiliaji ili wakazi wapate kuni na upepo uzuiwe. Ulistawi kupita matarajio ya kila mtu. Leo umefunga kingo za barabara, umefunga njia za mifugo, na ng'ombe wanabeba mbegu zake matumboni wakizipanda kila wanapolala. Mwiba wake ni mgumu kiasi cha kupenya tairi la lori, kisha ncha hukatika na kubaki ndani. Pancha yake haivumi. Unaondoka Hola tairi likiwa zima, unafika Garsen limelegea, fundi anaweka kiraka, anajaza upepo, na kesho ncha ileile aliyoiacha ndani inatoboa tyubu sentimita mbili kando ya kiraka. Fundi mzuri wa pancha wa Hola hupitisha kitambaa laini ndani ya tairi lote kabla ya kurudisha tyubu, kwa sababu kitambaa hunasa pale ambapo vidole havihisi.

Wanaolipa gharama ya haya yote ni watu gani? Msimu wa maembe ya Wapokomo huangukia wakati wa vuli na baada yake kidogo. Matunda yanaiva kwenye mashamba ya ukingoni, malori yanakuja kutoka Mombasa na Nairobi, na ndio wakati huohuo mto unapopanda. Embe halingoji njia ikauke. Mnunuzi anamsukuma dereva, dereva anaingia, na lori likivunja ekseli kwenye udongo mweusi mzigo wote unaozea humo, nyuki wakilizunguka. Mwaka unaofuata mnunuzi anashusha bei kwa kila debe, akisema njia yenu inaua magari. Hapo ekseli ya lori inalipwa na mama mwenye miembe sita.

Huwa nazilinganisha safari hizi na Rhino Charge, mashindano ya magari porini yanayofanyika Kenya tangu 1989. Timu hupewa vituo 13 na saa 10, na mshindi ni aliyevifikia kwa kusafiri umbali mfupi zaidi, hata kama njia fupi inapita juu ya mwamba. Magari huvunjwa kwa makusudi, na kwa sababu njema: fedha zake zilisaidia kujenga uzio wa Aberdare wa takriban kilomita 400, uliokamilika 2009, unaolinda msitu ambako sehemu ya maji ya Tana inazaliwa. Nawaheshimu watu wale. Lakini gari lao likivunjika hurudi nyumbani juu ya lori, na gereji inalingoja. Garsen hakuna lori la kubeba lori.

Ardhi nayo huumia, na kidonda chake hukaa kuliko cha gari. Delta ya Tana, hekta 163,600, iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2012. Ni nchi tambarare kiasi kwamba maji hayajui pa kwenda mpaka yaonyeshwe, na mtaro wa gurudumu unayaonyesha. Gari la kwanza linachimba mifereji miwili. La pili linaikwepa, linachimba mingine kando. Baada ya mvua moja unaweza kuhesabu njia saba sambamba, zote zimebeba maji kuyatoa kwenye malisho au kuyaingiza kwenye mpunga wa mtu. Waorma wana njia zao za kupeleka ng'ombe mtoni, wanaziita malka, na kila mtu wa hapa anajua ni damu kiasi gani imemwagika kwa kugombea malka na mashamba yanayopakana nazo. Gari linaloshuka malka wakati wa tope huacha mashimo yanayovunja miguu ya ndama. Mwenye gari hatakuwepo kuona. Nimebadilika kwa jambo hili: zamani nilidhani njia ya porini ni ya anayeweza kuipita.

Fundi wa Minjila aliisafisha difu ile kwa dizeli mara mbili, akajaza oili mpya, kisha akafanya jambo lililochukua dakika kumi na tano. Alivua bomba la kupumulia lililokuwa limezibwa na tope gumu, akachomeka mahali pake mpira mrefu, akaupandisha pembeni mwa chesisi na kuufunga kwa waya juu kabisa, nyuma ya taa. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya chakula chetu cha mchana. Beringi za nyuma alisema zirudi baada ya mwezi azisikilize. Sili ya kushoto aliibadilisha.

Kesho yake tulikuwa na safari ya kuelekea Kipini, na mahali fulani baada ya kuacha lami tukakuta maji yamelala juu ya njia. Mzee Muorma alikuwa amesimama ng'ambo na ng'ombe wake. Dereva alizima injini, akashuka, akamsalimu kwa sauti, akamuuliza yamefika wapi. Mzee akapiga fimbo kwenye goti lake, halafu akaielekeza upande wa kulia, mbali na malka. Dereva akaenda nyuma ya gari, akagusa difu kwa kiganja, akakiondoa upesi.

"Bado ni ya moto, mzee," akaniambia. "Tukae kwanza."

Tukakaa chini ya mgunga. Kila baada ya muda alikuwa akiinuka kwenda kuigusa tena.